Miaka Saba Iliyoachwa Mezani

Sitaanza na kuzaliwa kwake. Kuzaliwa kwake ndiko kulikotusumbua sote, na kutakuja mahali pake. Nitaanza na swali lake.

Kila mwaka, mtu aliyestaafu kazi ya serikali alipaswa kufika kwenye ofisi yetu pale Kamina, athibitishe kwamba yu hai. Asipopata karatasi hiyo, pensheni yake ilikatwa. Makarani wengine, nilivyosikia, walitazama uso, wakagonga muhuri, wakamwita anayefuata. Yeye, ambaye mji mzima ulimwita Papa Karani, alimkalisha mtu kitini, akaweka kalamu chini, akamwuliza: "Jana ulikula nini?"

Mtu akijibu kwamba alikula bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, aliulizwa sombe ilipikwa na nani, na kama ilitiwa mawese. Foleni ilisubiri nje juani. Nilipomwuliza sababu, aliniambia kwamba watoto wa marehemu huja wamevaa kofia ya baba yao, wana sura ya baba yao na wamejifunza saini ya baba yao, lakini hakuna aliyejiandaa kuulizwa habari za chakula. Niliamini maelezo hayo kwa zaidi ya mwaka. Kisha siku moja nikaona kwamba kila aliyesitasita kujibu, Papa Karani aliandika alama ndogo kwenye boksi la kiberiti. Jioni alifunga mfuko wa mahindi ya shamba lake nyuma ya baiskeli, akalisoma lile boksi, akaondoka. Hakuniambia anakwenda wapi, nami sikumwuliza.

Mimi nilikuwa mwandishi wa mashine. Shule niliiacha darasa la tatu la sekondari, na kupiga chapa nilijifunza peke yangu kwenye mashine ya parokia, kwa kitabu kilichong'oka kurasa za mwanzo. Ndiyo maana hadi leo sijui vidole vinapaswa kuanzia wapi. Nilijua Kifaransa cha kamusi. Niliogopa kila siku kwamba atakuja mtu aliyesoma, anitazame vidole, na mambo yangu yaishe. Kwa hofu hiyo sikuweza kuacha kosa lipite. Herufi moja ikikanyaga nyingine, nilichana ukurasa mzima nikaanza upya, na karatasi wakati ule, miaka ya Zaire, zilikuwa adimu kuliko sabuni.

Wiki ya kwanza alinitazama nikichana karatasi ya nne. Hakukasirika. Aliokota vipande, akavikunjua, akavipanga pamoja upande mweupe ukiwa juu, ili tuvitumie kuandikia hesabu za miaka. Kisha akasema, kwa lugha yetu ambamo "juu ya" ni "kwa ajili ya": "Mama, karatasi iko juu ya kuonyesha muntu. Muntu haiko juu ya kuonyesha karatasi." Aliniita mama, kama wazee wa kwetu wanavyowaita wasichana, na mimi nilimwita Papa.

Sikuacha kuchana. Lakini nilianza kuchana akiwa ametoka.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alipenda sifa. Ukimwambia mwandiko wake ni mzuri, alikuandikia jina lako kwenye kipande cha karatasi, na mkia wa herufi ya mwisho aliuzungusha mara mbili. Alikuwa na abakosi moja tu ya kazini, suti ya kola fupi ya enzi ile, rangi ya majivu, na makalioni ilikuwa na kiraka cha kijani kilichotoka kwenye suruali ya mwanajeshi. Kwa ajili ya kiraka hicho hakumpa mgeni mgongo. Akiitwa kwa Chefu, mkuu wa ofisi yetu, alitoka humo kinyumenyume mpaka mlangoni. Chefu aliuona huo kuwa ni adabu ya zamani, akatuambia sote tuige. Kwa miezi kadhaa ofisi nzima ilitoka kinyumenyume kwa sababu ya kiraka cha mtu mmoja, naye akatuacha tuendelee.

Kazi yake kubwa haikuwa muhuri. Ilikuwa kuwaambia watu lini waombe pensheni yao. Walimu, wauguzi, mamonita wa kilimo, yaani mabwana shamba, kutoka Mulongo waliokuja na harufu ya samaki kwenye mifuko yao, wote walimletea swali lile lile: niende sasa, au nivumilie miaka miwili zaidi ili niongezewe daraja? Hakumjibu mtu moja kwa moja. Aliuliza tu: "Nani atafuata dosye?"

Aliyewahi kuishi kwetu anajua maana yake. Faili la mtu halikwenda lenyewe. Lilipanda treni hadi Lubumbashi, na likifika huko lililala mpaka mwenyewe aende kuliamsha, asimame kwenye foleni, apande ngazi, arudi kesho, arudi tena. Mwalimu mmoja alimjibu kwamba mwanawe atalifuata. Papa Karani akataka kujua huyo mwana mara ya mwisho alimfuatia baba yake nini. Mwalimu akaomba fomu siku ile ile.

"Dosye inatembeaka na miguu ya mwenyewe," alisema. "Omba ungali na miguu."

Alirudia maneno hayo mara nyingi hata watu wakayatumia sokoni kwa mambo mengine kabisa, kama vile kuoa.

Tena alikuwa na njia yake ya kuujua umri wa wale waliokuwa hawana tarehe. Wazee wengi walikuwa na karatasi ya kikoloni iliyosema tu kwamba mtu alizaliwa yapata mwaka fulani. Papa Karani hakuhangaika na hiyo yapata. Aliuliza: wakati Wabeleji walipokuwa wanaijenga base, kambi kubwa ya jeshi iliyo nje ya mji, wewe ulibeba matofali au ulibebwa mgongoni? Aliyebeba alikuwa mzee, aliyebebwa alikuwa bado. Waliokuwa katikati, waliotumwa kuwaletea maji wabeba matofali, aliwahesabia kwa vidole.

Yeye mwenyewe alibeba. Alipenda kusimulia jinsi alivyobeba matofali kumi kwa mara moja kwenye ubao begani, na jinsi msimamizi alivyomtoa kwenye matofali akampa daftari la kuhesabu wafanyakazi, kwa sababu ya mwandiko. Miaka michache baadaye aliajiriwa serikalini. Nilisikia kisa hicho mara nyingi bila kukitilia maanani.

Sasa nifike kwenye jambo langu, ambalo sijawahi kuliandika.

Kiangazi kimoja Chefu aliniagiza nipige upya orodha ya wafanyakazi wote wa ofisi, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kuajiriwa. Kwa tabia yangu ya kutoamini kitu, nilitoa mwaka mmoja kwenye mwingine kwa kila jina, kuona kama hesabu inakaa. Nilipofika kwa Papa Karani, hesabu haikukaa. Kwa karatasi ile, aliajiriwa akiwa na miaka kumi na mitatu. Na base ilipojengwa alikuwa na kumi. Mtoto wa miaka kumi habebi matofali kumi begani.

Nilielewa haraka, kwa kuwa kisa cha siku zile kilijulikana. Serikali ilipoamuru tuache majina ya kizungu, watu walipanga foleni mbele ya meza ili waandikiwe majina ya mababu na wapewe vitambulisho vipya. Majina yaliachwa mezani, na wengi waliacha na miaka pia. Karani aliuliza jina, kisha akauliza umri, na aliyekuwa na watoto wadogo alijipunguzia kidogo ili asistaafishwe mapema. Ofisini tulisema kwa utani kwamba kuna umri wa mama na umri wa serikali. Papa Karani aliacha mezani miaka saba.

Kwa umri wa mama, alikuwa amefikia wakati wa kuomba pensheni yake. Kwa umri wa serikali, alikuwa bado na miaka saba mbele. Na ubaya zaidi ulikuwa katika kanuni aliyonifundisha mwenyewe: kazi iliyofanywa kabla ya miaka kumi na minane haihesabiwi. Karatasi ile ilimfutia miaka mitano ya jasho, ya mwanzo kabisa. Mtu aliyewahesabia wengine miaka yao kwa vidole alijiibia mwenyewe.

Nilipaswa kumwambia siku ile. Sikumwambia. Nilipiga orodha vizuri, bila herufi iliyokanyagana, nikampelekea Chefu, nikanyamaza kiangazi chote.

Ningependa kusema kwamba niliona haya kwa niaba yake. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu miaka saba ile ilikuwa inanifaa mimi. Akiondoka, ni nani angekiangalia kiti changu? Mkataba wangu ulikuwa wa muda, na Chefu alikuwa na mpwa. Lakini hata hilo silo lote. Papa Karani alikuwa mtu pekee aliyeweza kuuchukua ukurasa wangu mkononi, kuusoma, kuuweka chini na kusema, "Iko bwino," yaani ni sawa. Nilihitaji neno hilo kila siku, kama mgonjwa anavyohitaji kidonge.

Mvua ya kwanza iliponyesha alianguka na baiskeli kwenye reli, akienda kumwona mstaafu mmoja aliyeshindwa kutoka kitandani. Goti likavimba. Alirudi kazini baada ya siku chache akiegemea fimbo, na kutoka mlangoni hadi mezani kwake alipumzika mara moja. Nilimwona akipumzika. Nilisikia kichwani mwangu maneno yake mwenyewe, omba ungali na miguu, na nikaona aibu ambayo nilipaswa kuiona tangu kiangazi.

Nilingoja watu waishe. Nikaenda kukaa kwenye kile kiti cha wastaafu, mbele yake.

"Papa," nikasema, "wakati banajengaka base, ulikuwa unabeba matofali, ao ulikuwa unabebwa?"

Muhuri ulikuwa mkononi mwake. Aliuweka juu ya kidau cha wino, taratibu.

"Nilibeba."

"Basi karatasi inasema nini?"

Hakujifanya haelewi, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

"Unajua tangu wakati gani?"

"Tangu kiangazi."

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Niliogopa utaenda."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Na miye niliogopa kuenda. Basi tulikuwa babili."

Ndipo akanieleza. Siku ile ya majina mapya, mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Alitaka amwone amemaliza shule. Mtoto alimaliza, akaoa, yuko Likasi. Tangu hapo kila Januari Papa Karani aliahidi moyoni kwamba ataisahihisha karatasi yake, na kila Januari alikumbuka kwamba kusahihisha ni kusimama mbele ya hakimu na kusema, nilidanganya. Mtu aliyekataa hata yai moja la shukrani kutoka kwa mjane angeanzaje? Na angeweza kufukuzwa kazi kwa tamko la uongo, akakosa yote: miaka saba, miaka mitano na pensheni nzima. Akingoja, atapata kidogo, baadaye, kama goti litakubali. Akienda, anaweza kupata haki yake yote sasa, au asipate kitu.

Nilimwambia nitaandika barua yoyote anayotaka. Alisema afikirie kwanza siku tatu.

Siku ya pili Chefu alimwita; habari zilikuwa zimemfikia. Ofisi yetu ilikuwa na kuta nyembamba. Chefu hakumfokea, alimbembeleza, akimwita baba yake mdogo. Alisema jambo hilo lilifanywa na kila mtu, na kwamba hakimu akianza kuchimba hataishia shimo moja. "Papa, ukifungula dosye yako, yetu yote itafunguka," alisema. Papa Karani alimjibu kwamba yeye alijidanganyia mwenyewe, na atajisemea mwenyewe. Kisha akatoka. Kwa mara ya kwanza alitoka akimpa Chefu mgongo, kiraka cha kijani na vyote, kwa kuwa goti halikumruhusu tena kurudi kinyumenyume.

Siku ya tatu alikuja na kitabu chake kidogo cha kitambulisho cha kikoloni, chenye mwaka wake wa kweli, kimefungwa kwenye plastiki. Niliandika barua kwa hakimu. Niliipiga mara sita. Ya sita ilikuwa na kosa, na yeye akaninyang'anya kabla sijaichana.

Hakimu alisema kitabu peke yake hakitoshi, kwa maana vitabu navyo vilidanganya. Alitaka mtu aliyemjua wakati wa base. Tulikaa tukihesabu waliobeba matofali naye. Mmoja baada ya mwingine, wote walikuwa wamekwisha kufa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafungia mafaili yao. Ni mke wake aliyekumbuka. Alisema yuko mama mmoja sokoni, muuza samaki wa Bukama, ambaye zamani aliwauzia wajenzi samaki wa moshi. Alilisema hilo huku amemkazia mumewe macho, naye mumewe akajishughulisha na kamba ya kiatu.

Mama huyo alikuja mahakamani amejifunga kitambaa kipya, na harufu ya samaki iliingia kabla yake. Hakimu alimwuliza kama anamtambua mzee huyu. Alisema anamtambua. Akamwuliza ana hakika gani kwamba wakati wa base hakuwa mtoto wa miaka kumi, kama kitambulisho kipya kinavyosema.

Mama alimgeukia hakimu bila haraka. "Bwana juge, alikujaka kuniomba ndoa. Mutoto wa myaka kumi haombake muntu ndoa."

Hakimu akauliza jibu lilikuwa nini.

"Nilikatala. Alikuwa anaongea sana juu ya mwandiko wake."

Karani wa mahakama aliacha kuandika, akainamisha kichwa mezani. Mke wa Papa Karani alicheka mpaka akatoka nje. Mumewe alisimama wima, fimbo mkononi, amekunja uso kama mtu anayesubiri picha. Alipopewa nafasi ya kusema, alisema tu kwamba siku ile mezani alidanganya, kwamba hakushauriwa na mtu, na kwamba anaomba arudishiwe miaka yake. Hakimu aliuliza kama kuna wengine ofisini kwake. Alijibu kwamba yeye ameletwa na dosye moja. Hakimu akamkemea kwa maneno ambayo sitayarudia, akamrudishia miaka saba.

Alilifuata faili lake mwenyewe. Alikwenda Lubumbashi kwa treni mara tatu, na goti lile, na kila aliporudi alinisimulia juu ya ngazi, ngapi zilikuwa na mahali pa kushika na ngapi hazikuwa. Mara ya tatu alirudi na barua ya pensheni yake. Mpwa wa Chefu hakuja kukalia kiti. Kiti nilipewa mimi, kwa kuwa kabla ya kuondoka Papa Karani alimwambia Chefu kwamba hakuna mwingine anayejua mafaili yalipo, na hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa alikuwa amenionyesha mimi tu. Miezi michache baadaye Chefu mwenyewe alikuja mezani kwangu baada ya saa za kazi, akafunga mlango, akatoa kitabu cha zamani ndani ya abakosi yake, akaniuliza kwa sauti ndogo barua ile kwa hakimu ilianzaje.

Nilimwona Papa Karani kwa mara ya mwisho mwanzoni mwa mwaka uliofuata ule aliopata pensheni. Ulikuwa wakati wa karatasi za uhai, naye hakufika. Siku ya mwisho nilipakia muhuri na kidau cha wino kwenye kikapu, nikapanda baiskeli, nikaenda kwake.

Alikuwa amekaa kitandani, miguu imefunikwa blanketi. Mkewe alinipa kigoda. Nilitoa karatasi niliyokuwa nimeipiga tangu alfajiri, mara nane, mpaka ikawa safi. Nikaiweka juu ya magoti yangu, nikaweka kalamu chini.

"Papa, jana ulikula nini?"

Alitabasamu kwa upande mmoja. Bukari na sombe, alisema. Mawese yalitiwa. Aliyepika ni huyu aliyesimama hapa. Kisha akasema: "Na weye?"

Katika miaka yote hiyo sikusikia mtu akimrudishia karani swali lile. Jana sikula. Nilikuwa na hofu ya kukosea karatasi yake, na mtu mwenye hofu chakula hakipiti. Nilisitasita, naye alijua maana ya kusitasita kuliko mtu yeyote Kamina. Hakutafuta boksi la kiberiti. Alimtazama tu mkewe, na mkewe akaenda jikoni.

Nilijaribu kuwahi. Nikachovya muhuri, nikaugonga kwa pupa, ukaangukia upande, nusu juu ya maandishi. Niliipiga mara nane, na sasa haya. Nilishika pembe ya karatasi ili niichane.

Mkono wake ulikuwa mwepesi kama jani, lakini uliwahi kushuka juu ya wangu.

"Acha."

"Papa, cheti imeinama."

"Na miye niliinama," akasema. "Lakini niko."

Mkewe aliweka sahani mbele yangu. Papa Karani aliichukua ile karatasi, akaisogeza mbali na macho kama wanavyofanya wazee, akaisoma yote kuanzia juu, jina lake na mwaka wake wa kuzaliwa, ule wa mama. Alipomaliza akaiweka kwenye blanketi, upande wenye muhuri ukiwa juu.

"Iko bwino," akasema. "Kula."

Nikala.